Hati za balozi na msiba wa mfalme

Vijana wa Mambo ya Nje huwa wananiuliza hii kazi ya hati za utambulisho, yaani barua za rais kwa mkuu wa nchi nyingine kumtambulisha balozi wake, inakuaje pale balozi mmoja anapokua na nchi nyingi, basi ngoja niwaeleze ya Stockholm maana pale ndo nilijifunzia kazi. Ubalozi wetu wa Tanzania uko Sweden ila balozi huyohuyo anawakilisha na Norway na majirani zake, kila nchi inataka hati zake, na lazima kwanza imridhie, ikimkataa hailazimiki kukwambia sababu, ndo Mkataba wa Vienna wa 1961 unavyosema.

Sasa Januari 1991 tunasubiri kupangiwa siku ya kukabidhi hati Oslo, Norway, hati ziko kwenye sefu, mara tarehe 17 Mfalme Olav wa Tano akafariki. Rambirambi zilitutoka moyoni kabisa, Norway ni moja ya nchi za Nordic zilizotujengea kituo cha elimu cha Kibaha. Ila akili yangu ilikua kwenye sefu. Bahasha zenyewe ni mbili, moja inamtambulisha balozi mpya, nyingine inamrudisha nyumbani aliyemtangulia, na zote Rais Mwinyi amemwandikia Olav kwa jina. Huwezi kumpelekea mtoto barua ya marehemu baba yake.

Nikamfata balozi, shikamoo Mzee, hati za Oslo hazifai tena. "Marahaba kijana. Usingoje matanga yaishe, anza leo."

Nikapiga simu ofisi ya itifaki Oslo, nikatoa pole, halafu nikaomba jina na cheo cha mfalme mpya, Harald wa Tano, vile wenyewe wanavyoandika, herufi kwa herufi, na teleksi ikaenda Dar siku hiyohiyo. Na hapa ndo penye kazi yenyewe: hati halisi inakuja imefungwa kwa lakiri, ile nta ya muhuri, wewe huifungui, kwahiyo ukaguzi wako wote unafanyia kwenye nakala. Nikawaomba wenzangu wa Dar wasipige lakiri mpaka tusomeane kwa simu, mmoja anasoma mwingine anafatisha kwa kidole, nukta kwa nukta. Simu ya kimataifa enzi hizo bei yake we acha tu, lakini tulizimaliza zote mbili.

Haraka yote ile ya nini? Ni kwamba mabalozi wanapangwa kwa tarehe na saa waliyoanza kazi rasmi, na bila hati huanzi, sio kwa ukubwa wa nchi wala utajiri wake, ni kifungu cha 16 cha mkataba uleule wa Vienna. Nakipenda hicho kifungu mpaka kesho, yaani nchi kama yetu ikitangulia basi taifa kubwa lililochelewa linakaa nyuma yetu kwenye dhifa ya mfalme, hakuna mjadala. Nakala zikatangulia Oslo, halafu tukangoja kuitwa kasri.

Baadae nilihamishiwa Geneva, kule hati anapokea Mkurugenzi Mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa, kisha Addis Ababa, ila daftari la majina na vyeo vya wakuu wa nchi nililihama nalo, na nikisikia redioni kuna uchaguzi au mfalme anaumwa mahali tunapowakilisha, sikungoja kuulizwa, nilikua naandika Dar kwanza.