Moto wa Kufukia

Jumapili, usiku.

Leo nimeshinda Turlough, karibu na Castlebar, kwenye makumbusho ya maisha ya mashambani ya Ayalandi. Mengine nimeyapita mbiombio. Nimeganda mbele ya vyombo vya mekoni.

Nyumba ya zamani hapa kaunti ya Mayo ilikuwa na meko moja. Hapo walipika, wakaota moto, wakasali rozari jioni. Kuni zilikuwa adimu, hivyo walichoma mboji: udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kama matofali na kuanikwa. Usiku mama wa nyumba alifukia makaa kwenye majivu akiomba dua. Alfajiri akafukua, akapuliza. Ndivyo alivyofanya bibi yangu kule Makete. Ila kwa bibi, jirani akiomba moto alitoka na kijinga siku yoyote. Hapa, Mei mosi moto haukutoka nyumbani, wala maziwa, baraka zisije zikaondoka navyo.

Mkate wao wa magadi na mtindi ulipikwa kwenye chungu cha chuma, moto chini, makaa juu ya kifuniko. Kupalia kabisa, kama wali!

Halafu viazi. Vilichemshwa na maganda, vikachujwa kwenye kikapu, kikapu kikawekwa juu ya chungu, watu wakakizunguka, kila mtu akimenya chake kwa kucha. Kibarua mwanamume aliweza kula kilo 6 kwa siku, akishushia mtindi. Mtu asiseme ulafi: wengi wao hawakuwa na kingine. Ugonjwa wa ukungu ulipoingia mashambani mwaka 1845, viazi vikaoza ardhini, na katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Ukungu wa viazi ninaujua. Nimemwona bibi akishika majani yaliyoungua, kimya. Lakini sisi tulikuwa na mahindi ghalani. Nimesimama pale na kikapu kile kitupu mbele yangu, nimeshindwa kuondoka.

Kesho naingia zamu saa moja asubuhi. Yule bibi ninayemhudumia alikulia kwenye nyumba ya namna hii. Nataka kumuuliza kama mama yake naye alikata alama ya msalaba juu ya mkate kabla ya kuupalia.