Kutoa giaboksi iliyoganda na kukata kutu kwenye Land Rover 109

Gari lililoegeshwa kwa miaka mingi mkoani Tabora humdanganya mnunuzi, kwa sababu ubovu wake haukai mahali pa kuonekana. Kuanzia Mei hadi Oktoba hatupati mvua ya maana, hewa ni kavu, na Land Rover yenyewe ina bodi ya aluminiamu, desturi iliyoanza gari hilo lilipooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo nchini Uingereza baada ya vita. Milango na madigadi hubaki bila tundu hata kama gari limenyeshewa misimu mingi. Chini ya bodi hiyo, hata hivyo, chasisi ni ya chuma, mikono inayotoka kwenye chasisi kubeba bodi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na kabini ni wa chuma vilevile. Huko ndiko kutu inakokula kimyakimya, na huko ndiko fundi anapaswa kuanzia.

Gari langu ni 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), pikapu ya Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25, nililolinunua kwa familia moja upande wa Sikonge. Nilipolitazama uvunguni nilikuta udongo mweusi wa mbuga umejaa ndani ya chasisi na kukauka ukawa mgumu kama tofali. Udongo wa namna hiyo ni mbaya kuliko mchanga, kwa sababu hunyonya maji wakati wa masika na kuyatunza majuma mengi baada ya mvua kukatika, kiasi kwamba chuma huendelea kuliwa mwezi wa Juni wakati kila kitu kingine mjini kimeshakauka. Niliamua kutoa kwanza mfumo wote wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, yaani propela shafti zote mbili, giaboksi pamoja na boksi dogo la gia za nyongeza, na ekseli, kabla ya kukata hata kipande kimoja cha chuma. Huwezi kuchomelea kwa uhakika mahali ambapo mkono wako hauingii, na vilevile cheche za kuchomelea ni adui wa sili za oili.

Kila mtu anayeanza kazi hii hukutana kwanza na nati zisizolegea, na ni muhimu kuelewa kwa nini hazilegei. Chuma kikigeuka kutu hujaa nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kutu iliyo ndani ya tredi, yaani mistari ya kuzungusha ya nati na bolti, huibana nati kana kwamba kuna mtu anaikaza kila mwaka. Kuongeza urefu wa mpini wa spana kwa bomba hakuondoi kubanwa huko, bali hukata bolti. Kinachosaidia ni moto, na moto huo uelekezwe kwenye nati, si kwenye bolti. Nati yenye tundu la milimita 10 ikipashwa moto nyuzi 300 zaidi ya joto la kawaida, tundu lake hutanuka takriban milimita 0.036, na ingawa kiasi hicho ni kidogo kuliko unene wa unywele, kinatosha kuivunja kutu iliyoshika.

Hapa ndipo mkoa wetu unapokuwa na neema yake. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli, ambaye huwa napita kwake Isevya kumwamkia, alinisikiliza nikieleza habari za nati hizo, kisha akaniambia: "Mwanangu, nyie vijana mnanunua dawa za kopo, na nta imejaa sokoni." Tabora ni nchi ya asali, na nta ya nyuki si kitu cha kutafuta kwa shida. Alinionesha namna ya kufanya. Unaipasha nati moto, unaiacha mpaka ule wekundu uondoke kabisa, kisha unagusisha kipande cha nta pale bolti inapotokeza kwenye nati. Nta huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 63, kwa hiyo ikigusa chuma chenye joto hugeuka kimiminika chepesi mara moja, na ukitazama kwa karibu utaona ikivutwa ndani ya tredi, huku moshi mwembamba ukitoka upande wa pili wa nati. Ukiona moshi huo, nta imepenya. Ikiwaka moto badala ya kuvutwa, chuma bado kina joto kupita kiasi na inabidi kusubiri. Baada ya hapo unazungusha nati kidogo kuilegeza, unairudisha, unailegeza tena, bila haraka. Kwa nati zilizo karibu na mipira, waya au tangi la petroli, ambako moto hauruhusiwi, natumia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi za otomatiki kwa kiasi sawa, ninaoupaka jioni na kuurudia asubuhi.

Propela shafti hazikunisumbua sana. Kwenye magari haya breki ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya boksi la gia za nyongeza, na propela ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye ngoma ya breki hiyo. Ukivuta breki ya mkono, shafti inatulia na unaweza kulegeza bolti zake bila msaidizi. Ukiiachia, unaizungusha shafti mpaka bolti inayofuata ije upande wako. Jambo la kukumbuka ni kuweka magogo au mawe kwenye magurudumu yote kabla ya kufungua shafti hiyo, kwa sababu ikishatoka, breki ya mkono haishiki tena gurudumu lolote.

Boksi la viti, yaani sanduku ambalo viti vya mbele hukaa juu yake, lilichukua muda mrefu zaidi. Giaboksi ya Land Rover hizi hutolewa kwa kupitia juu, ndani ya kabini, kwa hiyo viti, sakafu na boksi lote la viti lazima viondoke kwanza. Boksi hilo ni la aluminiamu na bolti zake ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na huacha unga mweupe unaobana bolti kwa nguvu zaidi kuliko kutu nyekundu. Sikutaka kutumia moto mkali hapo, kwa kuwa aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 na wala haionyeshi wekundu wa kukuonya. Vichwa vya bolti hizo nilivitoboa kwa drili, nikainua boksi, kisha nikashughulikia vipande vilivyobaki nikiwa na nafasi ya kutosha.

Sasa giaboksi yenyewe. Nati zote zinazoishika kwenye nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, zilitoka, nati za mauntini zinazoishikilia kwenye chasisi zilitoka, bomba la mafuta ya klachi lilifunguliwa, na giaboksi ikarudi nyuma upana wa vidole viwili kisha ikakataa. Nimeona mafundi wakipandwa na hasira mahali hapa, wakachomeka tindo kwenye ule mwanya na kugonga. Tindo la chuma huacha kovu kwenye uso wa kukutania, na kovu hilo hufanya giaboksi isikae sawa siku ya kuirudisha, hata uifunge namna gani. Ubaya mwingine ni kuiacha giaboksi ining'inie ikiwa imetoka nusu: uzito wote hushuka kwenye shafti ya mbele iliyopita katikati ya pleti ya klachi, na pleti hupinda kabla hujajua.

Chanzo cha kukwama kilikuwa dhahiri nilipomulika tochi kupitia mwanya huo. Shafti ya mbele ya giaboksi ina meno marefu ambayo pleti ya klachi hutelezea juu yake, na meno hayo yalikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kutoka mwanzo hadi mwisho. Pleti ilikuwa imeganda kwenye shafti. Niliibeba giaboksi kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye stendi ya mabomba yenye miguu mitatu (sishauri tawi la mwembe, hata kama miembe ya Tabora ni minene), nikarekebisha mnyororo mpaka giaboksi ikalala kwenye mstari uleule wa injini, bila kuinama mbele wala nyuma. Kisha nikadondoshea ule mchanganyiko wa asetoni kwenye meno kwa bomba la sindano, nikaweka gia ya kwanza, na kumwomba kijana anayenisaidia aishike injini kwa spana kwenye puli ya mbele huku mimi nikizungusha ngoma ya breki ya mkono kulia na kushoto. Gia ikiwa imeingia, kuizungusha ngoma ni kuizungusha shafti ya mbele, na ule mchezo mdogo uliopo kati ya meno huanza kusaga kutu. Mwanzoni ngoma ilikuwa ngumu kama imechomelewa. Baadaye ukasikika mlio mkavu wa kukwaruza, na unga wa kahawia ukaanza kudondoka kwenye gazeti tulilolitandika chini. Tuliongeza mafuta, tukaendelea, kisha tukaingiza kabari mbili za mbao ngumu, moja kila upande, tukizigonga kwa zamu ili giaboksi irudi nyuma kwa usawa. Ilitoka bila kupasuka kitu, na pleti ya klachi ikabaki mahali pake kwenye flaiwili.

Nafasi ilipopatikana, chasisi ilisema ukweli wote. Nilitoa udongo kwa fimbo ya chuma na maji mengi kupitia matundu yake ya kutolea maji, ambayo yote yalikuwa yameziba, nikaiacha ikauke juani, kisha nikaipigapiga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na pengine nyundo huzama. Mikono miwili inayobeba ukuta wa mbele ilikuwa imeisha, na sehemu ya chini ya chasisi karibu na mauntini ya giaboksi ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi.

Kwenye magereji mengi mahali kama hapo hubandikwa bati jipya juu ya kutu, huchomelewa pembeni, hupakwa rangi nyeusi, na mteja hupewa gari. Kazi hiyo siikubali. Kati ya bati jipya na chuma cha zamani hubaki uwazi unaoingiza maji na usioyatoa, na kutu huendelea ikiwa imefichwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nilikata kwa grenda mpaka nikafikia chuma kinachong'aa chenye unene wake wa asili, takriban milimita 2, nikatengeneza kipande cha unene huohuo kinachoingia kwenye pengo bila kupandana, chenye pembe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndipo nyufa zinapoanzia. Kabla ya kukata nilichomelea vyuma vya muda kuishika chasisi isisogee, na nikapima umbali wa kona kwa kona kwa tepu. Tangi la petroli lililo chini ya kiti lilishaondolewa na kupelekwa mbali, na betri pia. Nilichomelea mistari mifupi, nikihama upande baada ya upande, ili joto lisiukunje mkono mpya.

Vipuri vidogo kama mabano, bolti maalumu na ngoma ya breki nilivisafisha kwa umeme na magadi. Unayeyusha magadi kwenye ndoo ya plastiki, unaunganisha waya hasi wa chaja ya betri kwenye kipuri na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, na kutu hulegea yenyewe bila chuma kizima kuguswa. Chumvi isitumike, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini, wala chuma cha pua kisitumike upande wa chanya, kwa kuwa hutoa kromiamu yenye sumu. Kazi yote ifanyike nje, kwani hidrojeni inayotoka huweza kulipuka.

Ndani ya chasisi, ambako brashi haifiki, nilirudi kwenye nta. Robo kilo ya nta niliiyeyusha katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, nikaitoa mbali na jiko, nikaichanganya na lita moja ya mafuta ya taa na nusu lita ya oili ya injini, kisha nikaipuliza kwa kompresa kupitia matundu mpaka ikadondoka upande wa pili. Mafuta ya taa huvuka na utando wa nta hubaki. Majirani zetu wa Kigoma wanao ushahidi mkubwa wa jambo hili: Wajerumani walipoizamisha meli ya Goetzen Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1916, mafundi wao walizipaka injini zake grisi nzito, na meli hiyo iliinuliwa mwaka 1924 ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikiwa na injini zilezile. Utando huo upakwe tu baada ya kuchomelea kote kwisha, kwa kuwa unashika moto.

Giaboksi sasa iko juu ya meza, meno ya shafti yake yamesafishwa na kupakwa grisi kidogo ya joto kali, na kila bolti itakayopita kwenye aluminiamu nimeipaka rangi na grisi kabla ya kuirudisha. Kilichobaki upande wa kutu ni sehemu za miguu kwenye ukuta wa mbele na boriti ya nyuma iliyokingama, ambayo nimeipigapiga na kuikuta imeoza kona ya kushoto. Nitaanza na boriti, na nataka iwe imeshachomelewa na kupulizwa nta kabla ya mvua za Novemba.