Nyumba ya benki Mji Mkongwe: ukaguzi kwanza
Benki huuza nyumba iliyoitwaa kwa deni kama ilivyo. Haikukaa humo, haijui paa linavuja wapi. Basi mkataba useme kwa maandishi: siku 14 za ukaguzi, na arubuni irudi yote fundi akikuta ubovu mkubwa.

Fundi aanze na boriti. Ncha zilizoingia ukutani huoza kwanza, maana ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji. Achome kwa bisibisi. Ikizama, boriti imekwisha. Plasta ya saruji juu ya chokaa iogopeni sana: hufungia unyevu ndani, chumvi ikala ukuta taratibu huku nje panang'ara.

Ghorofa ya nyongeza? Ulizia kibali chake. Mnadani masharti ya siku za ukaguzi na arubuni kurudi kwa kawaida hayapokelewi, kwa hiyo kagua kabla ya kutaja bei.