Nilivyoitembea Uganda magharibi kwa teksi, bila dola

Nilipoanza kuulizia namna ya kuitembelea Uganda, kila mtu alinijibu kwa dola. Wakala mmoja wa utalii alinipigia hesabu ya Land Cruiser, dereva, hoteli ya ndani ya hifadhi na kibali cha gorila, akanitajia jumla ambayo kwetu Bukoba ungeanza kuulizia kiwanja. Wengine wakasema msichana hasafiri peke yake. Ushauri ule uliniudhi hadi leo, kwa sababu umetungwa kwa ajili ya mtu anayetoka Ulaya na mwenye likizo fupi, halafu sisi majirani tunaumeza mzima mzima na kubaki nyumbani.

Raia wa Afrika Mashariki hatulipi viza Uganda. Kwenye hifadhi zao tuna bei yetu, tena kwa shilingi za Uganda. Kibali cha gorila kinachomgharimu mgeni wa mbali dola 800, kwetu ni laki kadhaa za kule, na hiyo ni tofauti kubwa mno. Wakala wangu hakulitaja hilo. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vuka mpaka wa Mutukula asubuhi, badilisha hela ya kukufikisha Masaka tu, na uzihesabu mwenyewe kabla hujaondoka mbele ya mbadilishaji.

Kutoka Masaka wengi hukimbilia Kampala. Mimi niligeukia Bukakata, kwenye kivuko cha kwenda visiwa vya Ssese. Kivuko kile ni bure. Abiria halipi kitu, anapanda na begi lake, anavuka Ziwa Victoria hadi Luuku kwenye kisiwa cha Bugala. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi na kila mtu. Kalangala, mji wa kisiwa hicho, nilikula samaki, nikalala, nikarudi, basi.

Sasa stendi. Uganda daladala wanaiita teksi, na teksi haiondoki mpaka ijae. Wapiga debe wa stendi kubwa wana ujanja wao: wanapandisha vijana wao kwenye viti ili gari lionekane limebakiza nafasi moja. Unalipa, unakaa, halafu mmoja baada ya mwingine wanateremka "kununua maji" na hawarudi, nawe unasubiri saa tatu juani. Kuhusu hili nilishaonywa na shangazi yangu aliyefanya biashara ya mitumba Kampala, na nikajiwekea utaratibu ambao haujaniangusha.

Mbarara, kijana alinivuta begi akipiga kelele, "Dada, imebaki moja, twende!" Nikamwambia nasubiri mwenzangu. Nikanunua karanga, nikasimama pembeni, nikalitazama lile gari. Abiria wa kweli ana mzigo. Ana mtoto, ana gunia chini ya miguu, ana kuku amefungwa miguu, ana mfuko wa mkate wa kupeleka nyumbani. Mle ndani kulikuwa na vijana wanne mikono mitupu, wamekaa viti vya karibu na mlango, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiuliza tunaondoka saa ngapi. Nikakaribia dirishani. Kihaya changu na Kinyankore chao vinasikilizana, kwa hiyo nikawauliza mmoja mmoja, kwa upole kabisa, "Unashukia wapi?" Abiria wa kweli hukutajia kijiji, njia panda, kanisa fulani. Wale wa kuzugia wote wakanitajia mji uleule aliokuwa anaunadi mpiga debe. Yule mama mwenye mtoto aliyekaa nyuma akacheka, akanionyesha kwa kidevu gari la pili, lenye magunia juu na watu wamebanana. Nikahamia huko. Tuliondoka kabla sijamaliza karanga.

Na nauli usitoe ukiwa stendi. Kaa, subiri gari litembee, konda atakuja mwenyewe. Wakati huo umeshaona jirani yako kalipa ngapi.

Jambo ninalojivunia kuliko yote ni Queen Elizabeth. Barabara ya lami ya kutoka Mbarara kwenda Kasese inakatiza katikati ya hifadhi hiyo. Ni barabara ya umma, basi na malori yanapita, na abiria wa kupita tu halipi kiingilio. Watu wengi hulala Mbarara, wakaamka, wakanywa chai, wakafika mle saa sita mchana wakati wanyama wako vivulini. Ndiyo maana wanakwambia hawakuona kitu. Mimi nilisogea hadi Ishaka jioni, mji wenye wanafunzi wengi na gesti za bei ya wanafunzi, elfu ishirini na kitu za Uganda. (Kagua komeo la mlango na bomba kabla ya kutoa hela, hasa kama wewe ni msichana.) Jioni ileile nikamtafuta dereva wa gari la kwanza la alfajiri, nikamwomba kiti cha mbele. Alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia nataka kuona tembo. Akasema, "Basi saa kumi na moja na nusu uwe hapa, dada. Ukichelewa nakiuza."

Tulipita mashamba ya chai na msitu wa Kalinzu gizani, na kulipopambazuka tukafika ukingo wa Kichwamba. Hapo ardhi inashuka ghafla na Bonde la Ufa lote linafunguka chini yako, tambarare, na ukungu umelala juu ya mbuga. Tukashuka. Swala wa Uganda, wale wa rangi ya kutu wanaoonekana kwenye nembo ya taifa, walikuwa wametapakaa pande zote. Nyati walikuwa mbali kidogo. Karibu na Katunguru dereva akapunguza mwendo, akazima redio. Tembo wawili walikuwa wamesimama ukingoni mwa lami, mmoja anang'oa majani na kuyapigapiga kwenye goti kuyatoa udongo. Nilikuwa naona kope zake. "Usifungue kioo," dereva akaninong'oneza, "mtoto yuko nyuma yake." Kweli, mtoto akatokeza, wakavuka mbele yetu bila haraka, na gari zima lenye watu kumi na kitu likanyamaza. Halafu daraja la Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na viboko wakiwa majini. Yote hayo kwa nauli ya teksi.

Ila usishuke kupiga picha. Ukitoka barabarani umeingia hifadhini na unatakiwa kulipa, na wanyama wale hawana mchezo.

Kasese niliacha begi gesti, nikapanda gari la Katwe. Katwe ni mji mdogo juu ya ziwa la chumvi lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, na huko watu huchimba chumvi tangu enzi za mababu. Unalipa kidogo kwa muongozaji wa kijiji, na ni haki yao. Harufu kama ya mayai viza inakupokea kabla hujaliona ziwa. Kingoni kuna mamia ya vijibwawa vilivyotengwa kwa matope na miti. Jua linakausha maji, chumvi inaganda juu, wanaikusanya. Wanaume wanaingia katikati ya ziwa kuvunja chumvi ya mawe, ambayo nyingi ni ya mifugo.

Pale nilipata mwenyeji. Mama mmoja wa makamo alikuwa anakomba chumvi kwa mikono, Kiswahili chake kimejaa Kongo kwa sababu wanunuzi wengi wanatoka upande ule. Nikampa shikamoo, akajibu, "Jambo sana, mwanangu. Umetoka wapi mikono mitupu?" Akaniambia shamba lile la chumvi alirithi kwa mama yake, na mvua ikinyesha hakuna kazi, chumvi yote inayeyuka kurudi ziwani. Akanionyesha kwa mbali magofu ya kiwanda kilichojengwa na Wajerumani. Mabomba yake yaliliwa na chumvi ileile, kiwanda kikafa, na wao bado wanakomba kwa mikono. Nilikaa naye hadi jua lilipokuwa kali, nikanunua chumvi yake bila kuomba punguzo.

Msione aibu kula barabarani. Rolex ya mayai mawili na chapati inakupeleka hadi jioni, na katogo ya asubuhi, ndizi zilizopikwa na nyama au maharage, sisi wa Kagera tunaijua. Boda uliza bei kwa muuza duka kabla hujamuuliza mwenye boda. Kwa Katwe chagua kiangazi, Juni hadi Agosti au Januari na Februari, na ufike kabla ya saa nne asubuhi. Gari la mwisho kurudi Kasese uliulizie ukishuka tu, kwa maana jioni magari yanaadimika na viboko hutoka majini usiku kuja kula majani karibu na nyumba za watu.