Lijamu katika Kinywa Chenye Jipu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimeshindwa kuuvuka mstari wa tatu wa Yakobo sura ya tatu. Kila asubuhi nilipofika pale pasemapo "twatia lijamu katika vinywa vya farasi", yaani kile chuma cha hatamu kinachokaa kinywani, niliifunga Biblia, kwa sababu Jumapili, tulipotoka ibadani na wageni wakiwa wameketi sebuleni kwangu, nilimfokea binti anayenisaidia kazi za nyumbani kwa kuunguza maharage kwa mara ya tatu. Nilimwita mzembe. Hakujibu neno, alisimama na upawa mkononi, akiangalia sakafu.

Jumanne jioni mwanangu alinionyesha kwenye simu mbio za zamani za farasi wa Marekani aitwaye Secretariat, na tangu hapo Roho hakuniacha. Farasi huyu wa aina ya Thoroughbred alizaliwa Virginia tarehe 30 Machi 1970, na akiwa na umri wa miaka miwili tu alikwisha kutangazwa kuwa farasi bora wa mwaka nchini mwake. Kisha, Aprili 1973, katika mbio za Wood Memorial kule New York, ambazo wengi walitarajia azishinde, alimaliza wa tatu. Maneno yakaanza kwamba watoto wa Bold Ruler, baba yake, hawana pumzi ya masafa marefu. Kumbe ndani ya mdomo wake wa juu palikuwa na jipu, na Ron Turcotte, mpandaji wake, alipovuta hatamu, aligusa maumivu asiyokuwa na habari nayo.

Jipu likapona. Majuma mawili baada ya mbio zile za New York, tarehe 5 Mei, farasi yule yule, akiwa na mpandaji yule yule na mkufunzi wake Lucien Laurin, alishinda Kentucky Derby kwa muda usiofika dakika mbili, na kila robo maili aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia. Tarehe 9 Juni akashinda Belmont Stakes kwa kumwacha aliyemfuata urefu wa farasi 31, akakamilisha mataji matatu ya mwaka mmoja, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, ambayo hakuna farasi aliyekuwa ameyatwaa yote kwa miaka 25, na muda wake wa siku ile haujavunjwa hadi leo. Pumzi alikuwa nayo siku zote.

Tumezoea kulifundisha lijamu kama somo la kuuzuia ulimi, nami nimelifundisha hivyo mara nyingi. Sikuwahi kukifikiria kinywa cha farasi mwenyewe. Usiku ule nilikwenda chumbani kwa binti, nikamkuta ameketi kitandani, simu yake ya kitochi mapajani. Nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akaanza kwa kuniomba radhi kwa ajili ya maharage. Kisha akasema mama yake yuko kitandani huko Singida tangu mwezi uliopita, na ndugu zake hupiga simu mchana, naye hutoka uani kutafuta mtandao, sufuria ikiwa jikoni. Mwezi mzima, katika nyumba inayosali kila jioni, hakuna aliyemwuliza.

Kuhani Eli naye alikiangalia kinywa cha Hana, akaona midomo inacheza bila sauti, akadhani amelewa. Lakini Eli aliposikia jibu la yule mama alibadilika pale pale, akambariki.

Wapendwa, nivumilieni niseme hili bila kulipunguza. Katika nyumba zetu za Tabata, Kimara na Mbezi wamo mabinti wanaoamka kabla yetu, nasi tunawahi ibada kwa sababu wao wamekwisha kupiga pasi vitenge vyetu. Makosa yao tunayajua kwa hesabu, ila majina ya mama zao hatuyajui. Wengine tunawanyang'anya simu, wengine mshahara wao unachelewa hadi mwezi wa pili, na bahasha ya zaka haichelewi hata Jumapili moja. Hiyo ni dhambi, tusiiite utaratibu wa nyumba. Yakobo huyu huyu, katika sura ya tano, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kwamba vilio vya wavunaji vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Secretariat alipokufa tarehe 4 Oktoba 1989, daktari aliyempasua alikadiria kwamba moyo wake ulikuwa na uzito wa takribani kilo 10, zaidi ya mara mbili ya moyo wa kawaida wa farasi. Wote waliomshangilia hawakuwa wameuona. Bwana huutazama moyo mtu angali hai, akiwa amesimama jikoni na upawa mkononi.

Wageni wale wa Jumapili nimewapigia simu mmoja mmoja, nikakiri kwamba nilikosea. Kesho alfajiri binti anapanda basi kwenda Singida, akiwa na nauli na mshahara wake wa mwezi huu. Jina la mama yake sasa ninalijua, nami nitalileta katika maombi yetu ya Jumatano.