Umeniweka wapi?

"Aa. Wavuvi."

Siku ya nne leo na bado namsikia. Maneno mawili tu, hayana hasira wala kejeli. Jana nilikuwa naosha vyombo nikajikuta nayatamka kwa sauti yake, mpaka baba watoto akauliza naongea na nani jikoni.

Nianze na Jumatatu. Wale wa siku nyingi hapa mnaijua orodha yetu: kila mwisho wa mwaka wa masomo chuo hukusanya nani kachapisha nini, nani kamaliza uzamivu, nani kapata fedha za mradi, inabandikwa ubaoni na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp. Mwaka huu kurasa nne. Kemia wana floraidi kwenye visima vya Arumeru. Jirani yangu wa Biolojia ana makala ya pili kuhusu mwani unavyokufa maji ya pwani yakipata joto. Hisabati karudi mtu na uzamivu wake kutoka Norwei. Na sisi Kiswahili, ambao hukumbukwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili, panapotakiwa ngonjera, tukapata mstari mmoja, wangu: majina ya upepo na maji kwa wavuvi wa Kilwa. Jina langu halikukosewa hata herufi. Nikapiga picha nikamtumia mama, mama akaitawanya kwa ukoo mzima, na kabla ya magharibi shemeji alishapiga kuuliza kama mshahara umepanda.

Ndipo nikampigia Nahodha, mzee wa Kilwa aliyenifundisha majina hayo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, hamjambo huko?"

Nikamwambia makala imetoka, chuo kizima kimeiona.

"Alhamdulillahi. Na mimi umeniweka wapi?"

"Umo kwenye shukrani, babu."

"Hizo shukrani ziko mwanzo au mwisho?"

"Mwisho."

"Si neno. Jina umeandika lipi, la kitambulisho au hili la pwani?"

Hapo ulimi ukawa mzito. "Nimeandika... nawashukuru wavuvi wa Kilwa kwa ukarimu wao."

"Aa. Wavuvi."

Kisha akauliza kama huku mvua imenyesha.

Mnamkumbuka Nahodha, niliwasimulia safari ile ya mbu na gesti isiyo na chandarua. Siku tisa alikaa na mimi mchangani. Nilipomuuliza demani ni nini, alivua ndala moja akaiweka mchangani, ikawa chombo. Akachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu la mkanda, ikawa mlingoti. "Upepo unaingia huku, hii joshi. Unatokea huku, hii demani." Nikasema, lakini babu, demani si majira, kusi inapokatika? Akanitazama kwa huruma. "Yote mawili." Kutokana na hilo "yote mawili" nimeandika kurasa tatu, zenye nadharia na mchoro. Ndala haimo.

Wiki hii mkuu wa chuo kastaafu, mdogo wangu kajifungua mapacha salama, na mimi hayo yote nimeyapitia huku nikihesabu herufi za neno wavuvi.

Jumatano nilimsimulia mwenzangu wa Fizikia, kwa mama lishe, chapati mkononi. Akacheka, akaniletea habari za Erasto Mpemba. Nikamwambia Mpemba namjua, nani asiyemjua: mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mwaka 1963, aliyeona maziwa ya aiskrimu yaliyoingia kwenye friza yakiwa ya moto yameganda kabla ya yaliyopozwa, mwalimu akamwambia amechanganya mambo. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba; akamuuliza Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka Chuo Kikuu Dar, wenzake wakacheka, Osborne akaenda kupima. "Sawa," akasema mwenzangu, "makala yao ya 1969 inaanza na jina la nani?" Kumbe la Mpemba. La profesa linafuata.

Nikajitetea kwa fomu ya ridhaa: watoa taarifa hawatajwi, ndiyo maadili ya utafiti. Akauliza kama nilimwuliza mzee anataka kufichwa. Nilimsomea fomu. Nilisoma haraka, jua lilikuwa kali. Ningependa kusema nilibania pointi za kupandia cheo, maana kwetu makala ya wawili mnagawana. Angalau hiyo ingekuwa hesabu. Ukweli ni kwamba hata wazo halikunijia.

Leo mchana simu ikabipu. Yeye. Nikapiga huku moyo unadunda.

"Mwalimu, mjukuu kanisomea ile makala uliyomtumia. Penye maleleji umekosea."

"Wapi, babu?"

"Umeyapa miezi. Nani kakwambia maleleji yana miezi? Asubuhi upepo huku, jioni kule, hujui uweke tanga vipi, ndiyo hayo. Yakija yamekuja."

"Si wewe uliniambia?"

"Mimi? Fungua daftari lako."

Nikafungua. Kweli hakusema. Miezi niliitoa kwenye kamusi nikaibandika mdomoni mwake. Wasomaji wawili wa jarida hawakuiona, mhariri hakuiona, na mtoto wa darasa la sita kasoma kwa sauti barazani, babu kaidaka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yeye akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Mhariri nishamwandikia kuhusu sahihisho. Nikamwomba babu jina lake. Akalitaja lote, hadi babu wa tatu, polepole kama anayetoa imla, nikaandika nyuma ya risiti ya LUKU. Hapa silitaji. Fomu mpya nitamsomea mwenyewe, kivulini safari hii.

Ningelala sasa, ila friji imeanza tena ile sauti. Fundi alisema ikirudi nisimpigie yeye.