Pasheni ya njano na nyuki anayetoboa mbao

Mpasheni wa njano unaweza kusitawi ukafunika waya wote, ukatoa maua kila siku, na bado mavuno yasijaze ndoo. Mkulima ataongeza mbolea, atapulizia dawa, atamlaumu aliyemuuzia miche. Mara nyingi kilichokosekana ni mdudu mmoja tu: yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mvumo mzito, ambaye watu humfukuza kwa sababu anatoboa kenchi na nguzo za banda. Hapa nitamwita nyuki seremala.

Pasheni, au karakara kama wengi wanavyoiita, asili yake ni Amerika Kusini. Huko ilizoeana na nyuki wa ukoo wa Xylocopa. Ilipoletwa Afrika haikuja na nyuki wake, lakini ukoo huohuo ulikuwepo huku tayari. Kenya na Tanzania kuna Xylocopa caffra, ambaye jike lake ni jeusi lenye mikanda miwili ya njano au myeupe, Xylocopa flavorufa mwenye manyoya mekundu-njano, na Xylocopa nigrita, mkubwa kupita wote hao. Kwa hiyo mmea ni mgeni, ila mchavushaji ni mwenyeji. Hebu linganisha na vanila: yenyewe huku haikukuta nyuki wa kuifaa, na ndiyo maana kila ua lake huchavushwa kwa mkono.

Chuma ua la pasheni lililofunguka ulitazame kwa ubavu. Juu ya petali kuna duara la nyuzi, zambarau kwenye shina na nyeupe kwenye ncha. Chini ya nyuzi hizo, kuzunguka kijiti cha katikati, kuna kikombe cha mbochi, maji matamu ya ua, kilichofunikwa kwa utando mgumu kiasi. Mdudu dhaifu hapenyi kirahisi. Nyuki seremala hutua juu ya nyuzi, husukuma kichwa mpaka utando ukaachia, kisha huzunguka kijiti akinywa. Wakati huo mgongo wake unasugua vifuko vitano vya chavua vilivyoning'inia vikitazama chini. Akifika ua la pili, mgongo uleule unagusa stigma tatu, yaani vichwa vya ua vinavyopokea chavua. Nyuki wa asali ni mfupi mno kwa nafasi hiyo. Anapita chini kama mtoto anavyopita chini ya meza bila kugusa ubao.

Ubaya ni kwamba nyuki wa asali haishii kupita tu. Akishagundua shamba, hupanda moja kwa moja kwenye vifuko na kukomba chavua yote, na seremala akija anakuta vitupu. Kwenye pasheni ya zambarau ana msaada wake, kwa kuwa ua hilo linaweza kujichavusha. Kwenye ya njano hasara yake ni kubwa kuliko faida. Usiweke mizinga ndani ya shamba la pasheni ya njano. Ukitaka asali, iweke mbali, karibu na maua mengine.

Tofauti ya aina hizi mbili inawaponza wengi. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita mchana. La njano hufunguka karibu saa sita na hukaa wazi mpaka saa tatu au nne usiku. Kwa hiyo kupanda mistari michache ya zambarau kando ya njano ili zichavushane hakusaidii, maana moja inafunga mlango mwenzake akifungua wake. Tena mpasheni wa njano unakataa chavua yake wenyewe, na unakataa pia ya mmea uliotokana na kipande chake. Ukijaza shamba kwa vipandikizi vya mama mmoja, hata nyuki wakija elfu hutapata kitu. Miche ya mbegu za tunda moja nayo ni ndugu, na ndugu wengi hukataana vilevile. Chukua mbegu kwenye matunda ya mimea mingi isiyo na undugu, uchanganye kabla ya kusia.

Stigma nazo zina saa yake. Ua likifunguka tu, zinakuwa zimesimama juu, haziguswi na mgongo wa nyuki. Huchukua kama saa moja kujipinda na kushuka usawa wa vifuko. Maua mengine hujipinda nusu, na mengine hayajipindi kabisa. Hayo yaliyosimama hayashiki tunda, lakini chavua yake ni nzima, na ukichavusha kwa mkono ndiyo ya kutumia kwanza.

Kuchavusha kwa mkono si kazi ngumu, ni kazi ya kurudiwa kila siku. Kwa pasheni ya njano anza saa saba au saa nane mchana, stigma zikishashuka. Gusa vifuko vya ua la mmea mmoja kwa ncha za vidole mpaka zigeuke njano, kisha nenda mstari mwingine, kwenye mmea wa asili nyingine, upake stigma zote tatu. Usipake moja ukaondoka. Kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua, na kila mbegu ndiyo inayobeba kifuko chake cha maji. Tunda jepesi lenye uwazi ndani kwa kawaida ni tunda lililopata chavua kidogo. Mikono iwe mikavu: chavua ya pasheni ikilowa hupasuka na kufa. Mvua ikinyesha ndani ya saa moja au mbili baada ya kupaka, rudia kwenye maua yatakayofunguka kesho. Kwa sababu hiyohiyo, umwagiliaji wa kurusha maji juu mchana unaharibu maua. Tumia matone, au mwagilia chini.

Kuwa na nyuki wa kutosha ni bora kuliko vidole. Seremala hana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba tundu lake kwenye mti mkavu laini, huweka donge la chavua lililochanganywa na mbochi, hutaga yai moja juu yake, na huziba chumba kwa unga wa mbao kabla ya kuanza kingine. Vyumba ni vichache, hivyo ukiua majike kumi umepunguza sana kizazi kijacho. Mpe mahali: magogo makavu ya mti laini yasiyopakwa dawa, au milingoti mikavu ya maua ya mkonge, ambayo ni laini ndani na ngumu nje. Kata vipande vya kama mita moja, vilaze chini ya paa dogo, juu ya ardhi usawa wa kiuno au zaidi, mvua isivifikie. Mianzi nayo inafaa baadhi ya aina: kata vipande vya sentimita 20 hadi 25, upande mmoja ukiishia kwenye fundo, uwazi wa ndani kama sentimita moja na nusu. Paka grisi miguu ya stendi kuzuia sisimizi na mchwa. Magogo ya namna hii pia huokoa nguzo za waya, kwa sababu nyuki akipata mti laini zaidi hana haja ya nguzo yako.

Pasheni isipokuwa na maua, nyuki hawa huhama wasipopata chakula. Mbaazi na marejea pembezoni mwa shamba huwashikilia, maana wanayapenda sana maua hayo.

Dawa ya wadudu kwenye pasheni ya njano usipige mchana wala alasiri. Kwa ya zambarau, subiri jioni. Dawa kama imidaklopridi na jamaa zake huingia ndani ya mmea na kufika kwenye mbochi, kwa hiyo saa ya kupiga haisaidii kitu. Wakati wa maua usizitumie kabisa.

Kama huna hakika tatizo ni nyuki, pima. Funga alama maua 20 yaliyoachwa wazi na mengine 20 uliyochavusha kwa mkono siku hiyohiyo, yote yakiwa na stigma zilizojipinda. Ndani ya siku tano, lililoshika litakuwa limevimba na ambalo halikushika limedondoka. Ya mkono yakishika na ya wazi yakadondoka, nyuki hawatoshi. Yakidondoka yote, kagua kwanza maji, joto, na undugu wa miche yako.